Laptopu Iliyovuma Bila Betri

Kabla sijaanza, mtu asije akaniambia siku ile nilikuwa na njaa au jua lilinipiga kichwani. Nilikuwa nimekula ugali wa muhogo na samaki, nimeshiba, nimekaa kivulini ndani ya banda langu, saa saba mchana, watu wanapita barabarani. Habari hii imenipata mimi mwenyewe, si shoga yangu wala jirani. Anayetaka kuamini aamini, asiyetaka ashike njia yake, sitamshika kanzu.

Mimi ni fundi wa simu na kompyuta hapa Masasi, Mkomaindo. Ndiyo, ni mwanamke, na usiniulize fundi mwenyewe kaenda wapi kama wanavyoniuliza wateja wa mara ya kwanza. Kazi nimerithi kwa marehemu baba aliyekuwa akitengeneza redio. Baba hafungui redio kabla hajaisikiliza. Anaweka ncha ya bisibisi kwenye mashine, mpini anauegemeza sikioni, anafumba macho. Nami nafanya hivyo hivyo. Feni iliyokauka grisi inalia namna yake, diski inayokufa inalia namna yake, na waya uliogusana na feni nao una kelele zake. Sijisifu, lakini nilikuwa sikosei. Hilo lilinitia kiburi, na kiburi ndicho kilichoniponza.

Mwaka huo korosho ndiyo kwanza zinaanza kudondoka. Akaja mwalimu mmoja wa kike kutoka Chilangala, kule juu Newala, ameshuka na basi la asubuhi. Mgongoni ana mtoto mchanga, kifuani ana laptopu ameiviringisha kwenye kanga. Kwa lafudhi yake nikajua si wa kwetu. Mwenyewe akaniambia kwao ni Kagera, alipangiwa kazi huku, akaolewa huku huku.

"Habari za kazi, dada fundi?"

"Salama, Mwalimu. Inasumbua nini?"

"Inapiga kelele. Kelele kubwa, mpaka jirani ananiuliza nasaga nini."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akaniambia laptopu ni ya mume wake, mwalimu pia, Mmakonde wa hapo hapo Chilangala, aliyefariki kwa homa ya siku chache wakati mimba ya huyu mtoto ina miezi saba. Mume huyo alikuwa na mchezo mmoja: kila akitoka shuleni anafungua laptopu, anajirekodi akiongea na mtoto aliye tumboni. Rekodi zilifika kumi na moja.

"Picha zake ninazo nyingi," akasema. "Sauti yake ipo humu tu. Simu yake ilipotea siku ya msiba. Ikifa hii, Tumaini hatamsikia baba yake maishani."

Tumaini ndiye huyo mgongoni, mtoto wa kiume, hajafikisha hata miezi mitatu. Nilimwangalia, nikamwangalia mama yake, roho ikaniuma kweli. Nikasema kwa kujiamini kabisa, "Mwalimu, sauti hizo utaondoka nazo."

Akanipa kikaratasi chenye paswedi. Ilikuwa jina la mtu, jina la Kimakonde la zamani. Silitaji hapa, na msiniombe.

"Ni jina lake la utotoni," akasema kwa sauti ya chini. "Marehemu aliniambia, liandike, usilitamke. Hata mama mkwe hataki kulisikia. Lakini mimi, dada, baada ya arobaini nilishindwa. Nilikuwa nikiifungua nalia, namwita kwa hilo jina. Niliona ndilo jina tamu kuliko yote."

"Na kelele zilianza lini?"

Akafikiri. "Wiki hiyo hiyo."

Sasa wa huku mnajua, wageni niwaeleze. Mtoto wa kiume wa kwetu, awe Mmakonde, Mmakua au Myao, anaingia jandoni na jina moja, anatoka na jingine. Lile la kwanza linabaki huko huko kumbini. Ukimwita mtu mzima kwa jina alilokuwa nalo kabla ya jando, umemtukana. Nimeshuhudia wanaume wenye wajukuu wakishikana mashati kwa jambo hilo. Mimi ni Mmakua, hayo nimeyajua tangu mdogo. Sasa nani alinituma kulitamka?

Kiburi, nimeshasema. Halafu nina tabia moja mbaya: siwezi kuandika kitu bila kukitaja. Nikawasha mashine, vidole vikaandika, mdomo ukalitaja jina zima zima, wazi, kama unamwita mtu aliye nje. Mwalimu akashtuka, "Dada!" Nikamwambia, "Mwalimu, paswedi ni paswedi tu. Marehemu hawezi kuja kunigombeza."

Mungu anisamehe.

Mashine ikafunguka, tukabonyeza rekodi ya kwanza. Ikatoka sauti nzito ya mwanamume, sauti ya mwalimu aliyezoea kupaza mpaka dawati la nyuma, na kikohozi kidogo kabla ya kuanza. "Mwanangu, mimi ni baba yako. Leo mama yako amekataa kula, nadhani ni wewe unayemkataza." Mtoto mgongoni akageuza kichwa upande wa sauti. Mwalimu akajifunika uso kwa ncha ya kanga. Kisha kelele zikaanza, vuuuu, na ndani ya huo mvumo kitu kinalia ta-ta, ta-ta-ta, zikapanda mpaka yule baba hasikiki tena. Laptopu ikapata moto, ikazimika.

"Feni hiyo," nikasema. "Nipe siku tatu." Akaenda kulala kwa mwalimu mwenzake hapa mjini.

Kweli feni nilianza nayo. Nilipoifungua nilikuta imejaa, lakini si vumbi. Vumbi letu ni jekundu, mnalijua. Hili lilikuwa jeusi, jepesi, ukilipuliza linapaa. Majivu. Majivu ya nyasi, mengine bado yana umbo la unyasi. Nikajisemea, huyu mwalimu anaweka laptopu jikoni, nitamsema akija. Nikapangusa, nikatia grisi, nikafunga. Nikawasha, nikaandika jina, nikalitaja. Vuuuu, ta-ta-ta.

Nikabadilisha feni nzima. Kelele zile zile. Nikasema basi ni diski, nikaweka bisibisi sikioni: diski inazunguka vizuri, kimya, kama mpya. Nikaichomoa nikaipachika kwenye mashine yangu ili ninakili rekodi haraka, ikagoma kusomeka. Nikairudisha kwao, ikasomeka. Kila nikianza kunakili, kelele zinapanda, moto unapanda, inazimika. Nikiwasha upya inaomba paswedi, na mimi naandika, na mdomo wangu unataja. Sikuona uhusiano? Niliuona, msinifanye mjinga. Mara moja au mbili niliandika nikiwa nimebana midomo, na mara hizo mashine ilitulia kidogo. Lakini nikajiambia bahati tu hiyo, fundi mzima siwezi kuongozwa na mambo ya wanaume wa jando. Mpaka jioni ya siku ya pili nilikuwa nimelitamka labda mara thelathini, na zile za mwisho nililitamka kwa hasira, namna unavyomwita mtoto mkorofi.

Siku ya tatu ndiyo hiyo ninayowaambia. Umeme ulikatika mtaa mzima tangu asubuhi. Betri ya ile laptopu nilikuwa nimeitoa, iko rafuni. Feni nimeitoa. Diski iko juu ya kitambaa, mbali na mashine kama hatua mbili. Nimemaliza kula, nanawa mikono.

Ikavuma.

Sikilizeni vizuri: haina betri, haina chaja, haina feni, haina diski. Ni ganda tu na kibodi. Nayo inavuma vuuuu, ta-ta-ta, kuliko siku zote, mpaka vikombe rafuni vinagongana. Akili iliniambia nikimbie. Lakini mkono ulizoea kazi, ukachukua bisibisi, ukaweka ncha kwenye lile ganda, mpini sikioni. Ndipo nilipojua ninasikiliza nini. Ni nyasi zinaungua. Paa la nyasi kavu linawaka moto, nguzo zinapasuka. Na ng'ambo ya moto, watoto wengi wanakimbia, miguu mitupu kwenye majani makavu, wanakwenda zao. Na ndani ya moto, karibu kabisa na sikio langu, mmoja anakohoa.

Mimi nikiogopa hugeuka mkali, ndivyo nilivyoumbwa. Nikapiga meza kofi. Nikalitaja lile jina, nikasema, "Nyamaza!"

"Samahani, dada."

Mlangoni alikuwa amesimama mwanamume. Sikumwona akija. Umri wake umenizidi, ndevu zina mvi mbili tatu, shati jeupe limepigwa pasi, kalamu mfukoni, mkononi vumbi la chaki. Mtu wa heshima kabisa. Amesimama juani, miguu haikanyagi kizingiti.

"Samahani kwa usumbufu," akasema, sauti nzito, ya taratibu. "Hilo jina unaloliita, nakuomba uliache. Aliyekuwa nalo tulimwacha kumbini. Mimi si yeye."

Mtu mwenye akili angesema, nisamehe kaka. Maneno mawili tu! Ningefunga mdomo, ningebana midomo nikiandika, na mwalimu angeondoka na sauti yake. Badala yake mimi, na kelele zimenijaa kichwani, nikamjibu kwa ukali, "Kwani wewe ndiye..." na nikalitaja. Usoni kwake. Mbele ya macho yake.

Kelele zikakatika papo hapo. Uso wa yule mtu ulilegea, mabega yakashuka, mikono ikaenda nyuma. Akaniangalia kwa chini, na alipofungua mdomo, kwenye zile ndevu zenye mvi, ikatoka sauti ya mtoto wa miaka saba.

"Naam. Shikamoo, mama."

Niambieni, mtu aliyelelewa vizuri akisalimiwa hufanyaje? Hakuna anayefikiri. Ulimi wangu ukaitika wenyewe: "Marahaba."

Akatabasamu, meno ya mtu mzima. "Mama, naomba kwenda nyumbani," akasema kwa sauti hiyo hiyo. Akageuka, akashika njia ya kuelekea kituo cha magari ya Newala. Chini palikuwa na kifuniko cha soda. Akakipiga teke, akakifuata, akakipiga tena, akaenda nacho hivyo hivyo, baba mzima na shati lake la pasi, mpaka watu wakamziba nisimwone.

Umeme ulirudi. Nikafunga ile laptopu vizuri, diski, feni, betri. Nikaandika jina kimya kimya, safari hii hata pumzi nilizizuia. Ikafunguka. Kimya. Nikanakili rekodi zote kumi na moja kwenye flashi na kwenye simu yangu, bila tatizo, kwa muda mfupi tu. Na mimi mpumbavu nikafurahi! Nikajiambia yule ni kichaa wa mjini, na mashine imepona.

Mwalimu alipokuja jioni nikampa stuli akae. "Sikiliza mwenyewe," nikamwambia. Nikabonyeza.

Kikohozi kidogo, kile kile. Kisha: "Mwanangu, mimi ni baba yako. Leo mama yako amekataa kula, nadhani ni wewe unayemkataza." Maneno yale yale, na vituo vyake vile vile. Ila aliyesema alikuwa mtoto. Mtoto wa kiume wa miaka saba, anaongea polepole kama aliyekaririshwa.

Nikabonyeza ya pili. Mtoto. Ya tatu. Mtoto. Zote kumi na moja, kwenye flashi, kwenye simu, na kwenye laptopu yenyewe. Tumaini mgongoni akacheka, kicheko cha kichanga anapoona watoto wenzake.

"Fundi," mwalimu akasema, "hii ni sauti ya nani?"

Nikamwomba anionyeshe picha ya marehemu. Nadhani mmeshajua nilichokiona: shati, kalamu, mvi zenyewe. Nikamweleza yote bila kuficha hata neno. Ningependa anitukane, ningependa hata anipige. Aliniangalia tu, akasema, "Nilikuambia liandikwe." Akaviringisha laptopu kwenye kanga, akaondoka.

Usiku huo sikupata usingizi, asubuhi nikaenda kwa mjomba wangu, fundi cherehani, mtu mkavu asiyependa maneno mengi. Nilimsimulia akiwa anapiga pindo la suruali, hakusimamisha mguu mpaka nilipofika kwenye "marahaba".

"Mambo ya kumbini si ya wanawake," akasema, "lakini hili utaambiwa maana umeshaliharibu. Watoto wakitoka, kile kibanda cha nyasi kinachomwa moto, na wanaambiwa wasigeuke nyuma. Anayebaki mle ni yule wa zamani. Mkewe kamwita miezi, wewe ukamwita siku tatu. Mlitaka aitike nani?"

"Mwenyewe alikuja kunikataza, mjomba."

"Alikuja kwa adabu, ukamtukana. Kisha yule mdogo akakuamkia, ukamwitikia. Shikamoo ya mtu ukishaiitikia umempokea."

"Sasa nifanyeje?"

"Unaniuliza mimi? Mimi nashona suruali." Akarudi kwenye pindo lake. Lakini niliona uzi unampiga chenga kwenye tundu la sindano.

Baadaye mwalimu alimweleza mama mkwe wake. Bibi wa watu alilia sana, wakamwaga unga wa tambiko, wakaomba kwa wazee wao, wakasomesha na misa kanisani. Rekodi hazikubadilika. Nami nikapanda Chilangala mwenyewe kuomba msamaha. Yule bibi alinipokea, akanipa maji ya kunywa, akanisamehe, na alipokuwa anazungumza nami akaniomba nimwekee ile sauti. Nikamwekea. Alisikiliza akiwa ameshika magoti yake, kisha akasema kwa Kimakonde kwamba hiyo ndiyo, ndivyo alivyokuwa akiongea mwanawe kabla hawajampeleka jandoni. Akaomba irudiwe. Sikuweza kukaa, nikatoka nje.

Toka wakati huo banda langu lina daftari. Paswedi yako utaiandika, sitaki kuisikia. Na watu hapa Mkomaindo wananiita mwanamke mwenye dharau, kwa sababu mtu akiniambia shikamoo simwitikii mpaka nimemtazama usoni nikahakikisha sauti na sura vinalingana. Watoto wa jirani wamenizoea, wananisalimia mara mbili mbili, wanacheka. Mimi sicheki.

Mwalimu bado anafundisha kule juu. Hatukugombana. Akishuka mjini hupita kunisalimia, na Tumaini sasa anatembea, anaongea, ana maswali kuliko mwanasheria. Sauti zile mama yake humwekea jioni, kwa sababu ndizo alizonazo. Humwambia, huyu ni baba. Na mtoto humjibu, huyu kaka.

Jumamosi iliyopita walikuja. Mama yake alivuka barabara kununua mkate, akaniachia mtoto na simu. Tumaini akasikiliza rekodi yote mpaka mwisho, akiwa amekaa kwenye stuli ile ile, miguu inaning'inia. Kisha akaniuliza, "Mama fundi, huyu kaka mbona anasema yeye ni baba?"

Nikamwambia anacheza tu.

"Akimaliza kucheza ataenda kwao?"

Nilijifanya natafuta bisibisi chini ya meza, nikabaki huko chini mpaka mama yake aliporudi.

Kwa hiyo wewe unayenisikiliza, awe mumeo, awe rafiki, awe adui yako, kama kuna jina aliloliacha, nawe liache. Usilitamke kwa mapenzi, usilitamke kwa hasira, usilitamke hata kwa mzaha ukiwa peke yako chumbani. Ukimwita, ataitika.